Mapeasi ya Bosi Pyo

Kabla hamjasoma, ninyi mnaoanza kazi ya kupima watu, nendeni mkaoshe mikono. Kwa maji na sabuni, siyo kupangusa kwenye suruali. Najua mnacheka na kusema Bi Rukia kastaafu lakini ukali wake bado uko kazini. Chekeni tu. Mkifika mwisho mtajua kwa nini mama wa watu anaanza mazungumzo kwa kuwapeleka bombani.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutoboa vidole vya watu. Vidole vya Wakorea, hapahapa Guangzhou. Nikiwaambia vijana wanaokuja mtaa wa Xiaobei kununua simu na nguo, hawaamini. Mswahili, ndani ya China, anapima Wakorea? Ndiyo, riziki haina kabila. Nilikuja nikimfuata mume wangu Shaaban, yeye akipakia nguo za soko la Shahe kupeleka Kariakoo, mimi nina cheti changu cha maabara kwenye mkoba na sina pa kukitumia. Nikasoma Kichina mpaka kikaniingia, nikapata kazi kwenye zahanati ya wageni, na huko ndiko Daktari Luo aliponikuta.

Daktari Luo ni mama wa Kichina, mfupi, mwenye raba miguuni na chupa ya chai kwapani. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti wa sukari ya damu kwa Wakorea wanaoishi mji huu. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu. Wakorea wengi hupata kisukari wakiwa bado wembamba, na watafiti wa kwao wamelifuatilia jambo hilo muda mrefu. Je, mtu akihama, akabadili chakula, akakaa dukani kutwa nzima kwenye nchi ya watu, hatari yake inapanda, inashuka, au inabaki palepale alipozaliwa nayo? Ili ujibu, lazima uwapate watu walewale mwaka baada ya mwaka, uwapime asubuhi kabla hawajala, uwazungushie futi kiunoni, na uwaulize mambo ambayo hata wake zao hawayaulizi. Alinichukua mimi kwa sababu mkono wangu ni mwepesi na kwa sababu nami ni mgeni kama wao. "Mgeni kwa mgeni hawaoneani haya," aliniambia, na hakukosea.

Kikorea changu nilikiokota kwenye tamthilia za televisheni, zile za wafalme na masuria. Matokeo yake, siku ya kwanza kwenye mtaa wa Wakorea niliingia duka la mama mmoja anayeuza kabichi zao za pilipili, nikamwomba kidole chake kwa maneno ambayo, nilikuja kuambiwa baadaye, mjakazi humwambia malkia. Yule mama alicheka mpaka akakaa kwenye gunia. Halafu akanipa kidole, na jirani yake naye akaniitia. Kumbukeni hilo mkianza kazi za kuingia majumbani mwa watu, mtu aliyekwisha kucheka nawe hakunyimi damu.

Na msikasirike wakiwauliza umri. Mkorea hajakujua jina, ameshataka kujua una miaka mingapi. Mwenzangu mmoja wa Kichina alikuwa akinuna kila anapoulizwa. Mimi nilielewa mara moja, maana hata kwetu Tanga huwezi kujua umwamkie mtu shikamoo au mambo mpaka ujue amekupita au umempita. Wao pia wanatafuta neno la heshima la kukuwekea. Mimi waliniwekea "mwalimu", na nikalipenda.

Sasa kidole. Kidole hutobolewa ubavuni, siyo katikati ya ncha. Katikati ndipo mtu anaposhikia simu na sindano ya kushonea, ukimtoboa hapo atakutaja wiki nzima. Mkono ukiwa wa baridi, mwambie aushushe na mpige soga kidogo, damu itashuka yenyewe. Usikamue kama unakamua tui, kwa sababu utapata majimaji ya mwili badala ya damu na namba itakudanganya. Tone la kwanza panguza, la pili ndilo lako. Nimewafundisha hivyo wasichana wengi, na wote walidhani ni kazi ya mkono. Ni kazi ya maneno zaidi, maana mtu anayeogopa hata damu yake hujificha.

Nyingine ni hii: usimuulize mtu kama amekula. Zamani wazee wa Kikorea walikuwa wakija asubuhi wakiapa kwamba hawajala, na kweli hawakula. Lakini walikuwa wamekunywa kahawa yao ya pakiti, ile iliyochanganywa maziwa na sukari humohumo, kwa sababu kwao hiyo siyo chakula, ni kitu cha kufungulia macho. Mimi Mwislamu, kwangu kufunga ni kufunga, hata maji hayapiti. Haikunijia kabisa akilini kwamba mtu anaweza kuwa na kahawa tumboni akasema hajala, na akawa mkweli. Asubuhi moja Daktari Luo akachungulia pipa la taka nje ya ukumbi wa kanisa tulipokuwa tunapima, akakuta vipakiti vya kahawa vimejaa. Damu yote ya asubuhi ile ikaenda na maji. Alisimama pale juu ya pipa akicheka kwa uchungu, na tangu siku hiyo tukawa tunauliza, "Tangu jana jioni, nini kimepita mdomoni mwako?"

Halafu kuna suala la namba. Mashine za China huandika sukari kwa namba ndogo, kama za kwetu Tanzania. Za Korea huandika namba kubwa. Bwana mmoja alizoea kwao kuambiwa namba inayokaribia mia, nami nikamwambia kwa furaha, "Tano!" Alikaa chini sakafuni akidhani damu yake imekwisha utamu wote na roho inafuata. Tulimpepea na karatasi za maswali. Baada ya hapo Daktari Luo akawa anataja namba zote mbili, ya China na ya Korea, kila mara, hata akiwa na haraka.

Nawaambia haya yote ili muone kwamba kazi yetu ilikuwa imeshatufunza kuwa waangalifu. Tulidhani tumeshaijua mitego yote. Ndipo akaja Bosi Pyo.

Bosi Pyo ni mkata nguo. Yeye na mkewe, Bi Sunja, wana karakana ya chumba kimoja juu ghorofani, Zhanqian Road, hatua chache kutoka majengo yale ya nguo za jumla. Mwenye duka akiwa na mchoro wa gauni kichwani, Bosi Pyo ndiye anayelikata kwenye karatasi, kisha kwenye kitambaa, kisha Bi Sunja analishona moja la mfano. Wote ni wembamba kama futi zao. Bi Sunja alikuwa kwenye utafiti wetu tangu mwanzo, akija kila mwaka na kisanduku cha mandazi yao ya mchele. Mumewe hakuja hata mara moja.

"Anaipita mizani kwa mbali kama mwizi anavyompita polisi," Bi Sunja aliniambia.

Sababu ilijulikana. Kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya baba yao kufa, alikuwa mwembamba vilevile, mkata nguo vilevile. Sukari ilimla vidole vya mguu, ikala mguu, ikala macho, ikammaliza. Bosi Pyo ndiye aliyekuwa akimsomea gazeti mwishoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bosi Pyo alikuwa anashtuka akiona hata pamba ya spiriti.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alifikia umri ambao kaka yake aliambiwa ana ugonjwa. Bi Sunja akamlilia, naye akakubali, kwa sharti kwamba apimwe kwake, kwenye karakana yake, na Daktari Luo aje mwenyewe. Tukaenda. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, majira yale ya unyevu ambapo kuta za mji huu hutoka jasho na nguo hazikauki. Mimi nimefunga. Yeye pia amefunga kwa ajili ya kipimo, na nilimuuliza vizuri kabisa nini kimepita mdomoni. Hakuna, hata maji. Alikuwa amevaa koti la suti kama mtu anayekwenda mahakamani.

Bi Sunja hakuwepo. Mwenye duka mmoja wa chini alikuwa amemwita kwa kelele kuhusu mkono wa blauzi, na nadhani alishukuru kupata pa kwenda. Kwa hiyo Bosi Pyo akatukaribisha mwenyewe. Na Mkorea, wanangu, hawezi kukuketisha bila tunda. Alitoa mapeasi makubwa ya duara, siyo kama yale ya Lushoto yenye shingo, akakaa mbele yetu na kisu kidogo akayamenya. Mkata nguo yule! Ganda lilitoka utepe mmoja bila kukatika, akakata vipande sawasawa, akavichoma vijiti, akasukuma sahani mbele yetu. Yeye hakuonja. Mimi nikamweleza kuhusu Ramadhani, akainamisha kichwa kwa heshima. Tukawa watu wawili wenye njaa tunamtazama Daktari Luo akila.

"Matamu sana," alisema Daktari Luo, mdomo umejaa.

Bosi Pyo akajipangusa mikono na karatasi, akanyoosha kidole, akafumba macho. Bomba liko mwisho wa ujia, na majirani wamepanga foleni na ndoo. Nikapitisha pamba ya spiriti, kama taratibu zetu zilivyoruhusu, nikatoboa, nikapanguza tone la kwanza, nikaweka la pili kwenye kijiti cha mashine.

Namba ikapanda. Ilikuwa zaidi ya mara tatu ya inavyopendeza. 

Daktari Luo hakubadilisha uso. Alisema turudie, mkono mwingine. Tukarudia, na namba ikawa tofauti kidogo lakini bado ya kutisha. Akashuku vijiti vya mashine, kwa sababu unyevu huviharibu kopo likiachwa wazi. Tukafungua kopo jipya, tukaijaribu mashine kwa dawa yake ya majaribio, ikasoma sawasawa kabisa. Bosi Pyo akafumbua macho. "Kiasi gani?" aliuliza. Daktari Luo, kwa mazoea yake yale mazuri, akaitaja kwa namba ya China na kwa namba ya Korea. Namba ya Korea aliijua vizuri sana. Aliwahi kuisikia ikitajwa juu ya kitanda cha kaka yake.

"Hii ni mashine ya kuchungulia tu," Daktari Luo alimwambia. "Hatumwiti mtu mgonjwa kwa kidole. Twende zahanati sasa hivi, nichukue damu ya mshipani. Una kiu sana siku hizi? Unaamka kwenda haja? Umepungua?"

"Hapana."

"Basi kuna kitu sikielewi. Twende."

"Mimi nakielewa," alisema Bosi Pyo. Akasimama, akatufungulia mlango kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Asanteni kwa kuja mpaka huku juu."

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji akakata tamaa ya kupona.

Siku zilizofuata Daktari Luo alimpigia simu asubuhi na jioni. Hakupokea. Mimi nilikwenda mara moja, nikasimama nje ya mlango, nikasikia selotepu inazungushwa kwenye maboksi. Bi Sunja akatoka ujiani, macho mekundu. Alisema mumewe ameshamtafuta mtu wa kununua meza ya kukatia. Wanarudi kwao, akafie alipofia kaka yake. Miaka yote ile ya kuijenga karakana, wateja waliowazoea, chumba chao, vyote vinaingia kwenye maboksi. "Mimi sitaki kwenda, Mwalimu," aliniambia kwa sauti ndogo. "Lakini nitamwachaje?" Niliteremka ngazi nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijisemea, lakini huyu hakuficha, alitoa kidole chake mwenyewe.

Msidhani kwamba nilikuwa nalala vizuri. Jioni moja nyumbani, Xiaobei, nilikuwa natayarisha futari. Tuna desturi ya kufuturisha wafanyabiashara waliokuja bila familia, na jioni ile alikuwepo Wambui wa Nairobi, yeye Mkristo lakini hakosi kaimati zangu. Nilikuwa nimetoa kokwa za tende, sinia zima, nikajipangusa vidole na karatasi. Kichwa kikaanza kuzunguka. Shaaban akaniona nimeshika meza, akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Mama Asha, sukari imeshuka hiyo. Si una mashine? Jipime."

"Adhana bado kidogo."

"Jipime! Kutoboa kidole hakufunguzi saumu. Au unataka niite gari?"

Nikajipangusa kidole kwa spiriti, nikatoboa. Mashine ikafikiri. Halafu ikaandika namba ambayo ningeiona kwa mtu mwingine ningemkimbiza hospitali.

"Astaghfirullah," nilisema.

Shaaban akachungulia. "We mwanamke, umefunga au umemeza kontena la sukari?"

"Aki Mama Asha, hiyo mashine imelewa," alisema Wambui. "Rudisha kwa laoban, huyo mwenye duka, akupatie ingine. Akisema meiyou, ati hakuna, niite mimi, nitamshout mpaka achape kazi."

Lakini mimi nilikuwa nimeganda. Tangu alfajiri sijaweka kitu mdomoni. Nilikuwa na kizunguzungu cha njaa. Sukari hiyo imetoka wapi? Nikaangalia mashine, nikaangalia kidole, na kidole kilikuwa kimegandana na cha jirani yake. Utando wa tende. Niliubandua nikausikia ukivutika.

Nikakimbilia bombani. Nikaosha kwa sabuni kama anayejitayarisha kupasua mtu, nikakausha kwa taulo safi, nikatoboa kidole kilekile ubavu wa pili. Namba ikatoka ya mtu mwenye njaa, chini kabisa, sawasawa na inavyotakiwa saa hiyo.

"Mapeasi!" nilipiga kelele.

"Mapeasi gani tena?" alisema Shaaban. "Bu yao mapeasi, hatuyataki, Mama Asha, kula tende, adhana hiyo!"

Nilifungua kwa tende na kwa machozi. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja, Wambui akanishika bega akidhani nimechanganyikiwa. Bosi Pyo alimenya mapeasi kwa mikono miwili, mmoja umeshika tunda, mmoja umeshika kisu. Maji ya tunda yalimkauka vidoleni. Karatasi haikuyatoa, na spiriti ile huua vijidudu lakini utando wa tunda huuacha palepale. Tone la damu lilipotoka, lilichota sukari ya tunda kwenye ngozi. Mkono wa pili ulikuwa na utando uleule, ndiyo maana kurudia hakukutusaidia. Mashine haikusema uongo. Ilipima peasi.

Nikampigia Daktari Luo. Nikamweleza habari ya tende na ya mapeasi.

"Nami nilikuwa nayala," alisema. "Nayasifia." Kisha akasema kuna jambo hilo analikumbuka, alilisoma zamani sana, na lilikuwa limekaa kichwani mwake kama nguo iliyosahauliwa kwa dobi. "Usimwambie kwa simu, Rukia. Hataamini. Nenda kesho asubuhi na mapeasi. Mimi nakuja nyuma yako na vifaa vya mshipa."

Asubuhi nilimkuta Bi Sunja mlangoni. Maboksi yamepangwa mpaka dirishani, mashine za kushonea zimevuliwa vichwa. Bosi Pyo alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki.

"Mwalimu, nimeshakushukuru," alisema. "Usijisumbue."

"Sikuja kukupima. Nimekuja unipime mimi. Tangu alfajiri sijala wala kunywa, na Mungu ni shahidi. Unaniamini?"

Akaitikia. Mtu anayefunga humwamini mwenzake.

Nikakaa sakafuni, nikatoa peasi, nikalimenya. Vibaya, ganda likikatika kila hatua, mpaka nikaona mkono wake unataka kuninyang'anya kisu. Nikajipangusa na karatasi kama yeye. Nikapitisha spiriti kama siku ile. Nikamkabidhi sindano na mashine. "Nitoboe," nilisema. "Ubavuni, siyo katikati."

Alinitoboa. Namba ikatoka kubwa kuliko yake. Alinitazama kwa huruma, maskini, akadhani nami ninakufa.

"Sasa ngoja." Nikaenda bombani mwisho wa ujia, nikaomba kupita kwenye foleni ya ndoo, nikaosha kwa sabuni, nikarudi na mikono juu. "Tena."

Alitoboa. Ikatoka namba ndogo. Akaitazama mashine. Akaligeukia peasi lililolala juu ya boksi. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu anayeikagua kwa mara ya kwanza. 

Akanyanyuka, akaenda bombani. Tulisikia maji yakimwagika muda mrefu sana. Aliporudi, Daktari Luo alikuwa ameshapanda ngazi, anahema, chupa ya chai kwapani. Nikamtoboa. Namba ilikuwa juu kidogo ya inavyopendeza, lakini ilikuwa namba ya mtu anayeishi.

"Na hii pia hatuiamini," Daktari Luo alisema kabla mtu hajafurahi. "Leo mshipa." Akachukua damu yeye mwenyewe, ya sukari ya asubuhi ile na ya kile kipimo kinachosoma sukari ya miezi iliyopita, ambacho hakidanganywi na kidole wala na kiamshakinywa. Akaondoka nayo kwenda maabara. Nikabaki. Sikuombwa kubaki, lakini sikuweza kuondoka, na Bi Sunja hakutaka niondoke. Tulikaa juu ya maboksi, watu watatu, tukilitazama peasi langu baya likigeuka kahawia.

Mchana simu ikalia. Bosi Pyo aliiweka mezani kwa sauti ili sote tusikie. Daktari Luo alisema hana kisukari. Yuko mpakani, jambo linalowapata wengi wa kwao hata wakiwa wembamba, na hasa mtu mwenye ndugu aliyeugua. Atembee, apunguze wali mweupe usiku, asikimbie mizani tena, na kila mwaka aje apimwe. Mpaka siyo kaburi, alisema. Mtu akiwa mpakani anaweza kurudi.

"Rudia tafadhali," alisema Bosi Pyo. "Kwa namba za kwetu."

Daktari Luo akarudia, kwa namba za kwao. Bosi Pyo akaweka miwani mezani, akafunika uso, akamlilia kaka yake kwa sauti. Nadhani hakuwahi kumlilia mpaka siku ile, alikuwa akingoja zamu yake. Nami nililia, na sikuona haya. Nilihisi wepesi ambao sijawahi kuuhisi kazini, kama niliyetua ndoo kichwani baada ya kupanda kilima kizima.

Tangu hapo begi langu halikukosa chupa ya maji, kipande cha sabuni na taulo, na taratibu za utafiti zikaandikwa upya: maji na sabuni kwa kila kidole, tunda liwe limemenywa au halikumenywa. Siku hizi mna vitu vya kubandika begani vinavyotuma namba kwenye simu, na mnaona vidole ni mambo ya zamani. Vizuri, nimefurahi kwa ajili yenu. Lakini chombo chochote mtakachopewa, muulizeni kwanza mtu mikono yake ilikuwa inafanya nini mlipofika.

Mchana ule, tukiwa bado tunalia, nilisikia sauti nyuma yetu. Kwa mtu wa Guangzhou, sauti ya selotepu ni sauti ya kuondoka. Mtaa wetu wa Dengfeng, huko Xiaobei, huamka nayo na kulala nayo, huyu anafunga mzigo wa Dar, yule wa Mombasa. Miaka yote niliisikia ikizungushwa. Mara hii ilikuwa inabanduliwa. Bi Sunja alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi la juu, anaivuta selotepu kwa mikono miwili. Akafungua, akatoa mkasi mkubwa wa mumewe, akaufuta kwa pindo la aproni, akamwekea mbele yake.

"Laoban wa chini anangoja blauzi yake," alimwambia.

Bosi Pyo akavaa miwani. Akanyoosha mkono kuuchukua mkasi, akausimamisha njiani. Kisha akanyanyuka, akatoka ujiani, akaenda kwanza kuosha mikono.